Plaki ya induksioni, resho au sufuria ya presha: kabla likelemba haijatoa feza

Katika mikutano ya siku hizi neno moja linarudi kila mara: plaki ya induksioni. Mmoja ameiona kwa shemeji yake Lubumbashi, mwingine ameiona dukani mjini, kioo cheusi kinachong'aa, na mwenye kuuzisha amemwambia kwamba inakula umeme kidogo na inachemsha maji mara moja. Makundi mawili yametuuliza kama ni vema kila mwanamke, zamu yake ya likelemba ikifika, anunuliwe plaki badala ya kupewa feza mkononi.

Swali ni zuri, na feza ni nyingi. Plaki kumi zilizonunuliwa vibaya ni plaki kumi zilizolala juu ya kabati, na wanawake kumi waliorudi kwenye mbabula wakiwa wamemaliza zamu yao. Basi tuliangalie jambo hili polepole.

Kwanza, kifaa chenyewe. Resho tunalijua: waya unapata moto, moto unapanda kwenye sufuria. Plaki ya induksioni haifanyi hivyo. Chini ya kioo mna waya wa shaba uliozungushwa kama nyoka aliyelala. Umeme ukipita humo kwa kugeuka-geuka mbio sana, mara elfu makumi kwa sekunde, unaamsha nguvu ya sumaku, na nguvu hiyo inafanya chuma cha sufuria kupata moto chenyewe. Kioo kinapata moto kwa sababu tu sufuria imekaa juu yake. Ukiinua sufuria, moto unakwisha palepale. Mtoto akigusa kioo pembeni ya sufuria hatakuta moto kama wa resho, ingawa pale sufuria ilipotoka kunaweza kumchoma, kwa hiyo usimwache acheze hapo.

Angalieni pia ndugu yake wa bandia. Madukani kuna plaki nyingine ya kioo cheusi, yenye vitufe vilevile na namba nyekundu zilezile, lakini ndani yake mna waya wa moto kama wa resho. Wengine wanaiita plaki ya infraruji. Ukiiwasha, duara inakuwa nyekundu chini ya kioo, na inapokea sufuria ya kila namna. Si kifaa kibaya, lakini ni resho lililovaa nguo ya harusi: haiokoi umeme, na kioo chake kinabaki na moto mkali muda mrefu baada ya kuzima. Kama unalipa bei ya induksioni, usipewe hiyo. Omba iwashwe mbele yako na sufuria ya alumini juu yake. Ile ya induksioni ya kawaida itakataa, italia au kuandika alama ya kosa. Ikikubali na kuwa nyekundu, umejua.

Sasa hesabu. Tuchukue maji lita 2 ya chai ya asubuhi. Hapa kwetu Kolwezi tuko juu, karibu mita 1,450 juu ya bahari, na maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. (Ndiyo maana maharagi yetu yanachelewa kuiva kuliko ya Matadi au Mombasa; si kosa la maharagi tu.) Kupasha lita 2 kutoka nyuzi 20 hadi 95 kunataka karibu kilowati-saa 0.17. Plaki ya induksioni inapeleka ndani ya sufuria kama sehemu 85 kwa 100 ya umeme inaoukula, kwa hiyo itakula 0.2 hivi. Resho linapeleka kama sehemu 70 au zaidi kidogo, kwa hiyo litakula 0.25. Plaki ya wati 2,000 itachemsha kwa dakika 6 hivi, resho la wati zilezile kwa dakika 7 au 8. Mbabula ya kawaida, ambayo sehemu kubwa ya moto wake inapotea pembeni, itakula zaidi ya gramu 100 za makala kwa kazi hiyohiyo, na hapo hatujahesabu muda wa kuiwasha na kupepea.

Mwaona? Kati ya induksioni na mbabula tofauti ni kubwa. Kati ya induksioni na resho tofauti ni ndogo, moja kwa tano. Mwenye kuuzisha anayesema plaki yake inakula nusu ya umeme wa resho anaongeza chumvi. Na nyumba nyingi zetu hazina kontere. Zinalipa bei moja ya mwezi, umeme uwe umekuja au haukuja. Kwa nyumba ya namna hiyo, kuokoa moja kwa tano hakuonekani kwenye fakitire hata kidogo.

Basi faida ya kweli ya induksioni ni nini? Ni haraka, ni usafi, ni kutokuwa na waya mwekundu ulio wazi karibu na watoto. Na deni lake ni moja: inataka umeme wenye nguvu.

Hapa ndipo wengi wataumia, kwa hiyo nitakaa kidogo. Sisi tunaishi karibu na maji makubwa. Nzilo na Nseke, juu ya mto Lualaba, yalijengwa na Union Minière katika miaka ya 1950. Waya mkubwa kutoka Inga, wa kilometa karibu 1,700, unaishia hapa Kolwezi tangu 1982. Sicomines wamejenga Busanga, megawati 240. Lakini kazi hizo zote zilifanywa kwanza kwa ajili ya migodi, na nyumba inapata kinachobaki, kwa waya na kabini ambazo mtaa ulipokua hazikukua nao. Kila mmoja wetu anajua jioni ya saa moja: taa inakuwa ya rangi ya chungwa, friji inalia na kushindwa kuanza, televisheni inajizima. Umeme upo, lakini badala ya volti 220 zimekuja 170 au 160, au chini ya hapo.

Resho hapo linavumilia. Nguvu yake inashuka kwa kipeo cha volti: kwa volti 160, resho la wati 2,000 linatoa wati 1,060 tu. Maji yale ya dakika 8 yatachukua dakika 14 au zaidi. Ni kuchoka, lakini chai itapatikana. Plaki ya induksioni ina bongo ndani yake, na bongo hilo likiona volti zimeshuka mno linazima kila kitu ili lisiungue. Bukari iko nusu, unga umekwisha kuingia, na plaki inalia pii-pii na kuandika alama ya kosa. Hakuna cha kufanya ila kuwasha mbabula.

Umeme ukirudi baada ya delestaji, mara nyingi unarudi kwa kishindo, na kishindo hicho ndicho kinachoua bongo la plaki. Dawa haina bei: umeme ukikatika, chomoa plaki kwenye prizi. Ukirudi, ngoja dakika 10, angalia taa kama imetulia, kisha rudisha.

Wengine watasema: tununue regilatere. Vema, lakini regilatere ndogo ya televisheni haiwezi kubeba plaki ya wati 2,000. Inatakiwa ya VA 3,000 au zaidi, na hiyo inaweza kuwa na bei kuliko plaki yenyewe. Mke ambaye tayari ana regilatere kubwa kwa ajili ya friji anaweza kufikiri jambo hilo. Kuinunua kwa ajili ya plaki peke yake, mimi sioni hesabu yake.

Kwa hiyo kabla ya kutazama duka, pima nyumba. Mwite fundi wa umeme mwenye kifaa cha kupima volti, au nunueni kimoja kwa kundi zima, maana kidogo cha kuchomeka kwenye prizi hakina bei kali. Andika volti mara tatu kwa siku: asubuhi saa kumi na mbili, saa sita mchana, na jioni saa moja. Fanya hivyo juma zima. Nyumba inayoona 200 na zaidi kwa saa unazopika ni nyumba ya induksioni. Nyumba inayoshuka chini ya 180 kila jioni, mwenye nyumba abaki na resho, au asome mbele juu ya sufuria ya presha. Kati ya hapo, unaweza kupika mchana na kupasha jioni, kama kazi yako inakuruhusu.

Mwambie fundi aangalie waya pia. Plaki ya wati 2,000 inavuta ampea 9 kwa saa nzima. Prizi ipate waya wa milimita-mraba 2.5, si ule mwembamba wa taa, na isipitie ralonji ya sokoni yenye redio, simu na pasi. Baada ya dakika 10 za kupika weka mkono kwenye kichwa cha waya: kikiwa na moto, acha.

Twende kwenye sufuria, maana hili nalo linakula feza. Angalieni jikoni kwenu: sufuria za alumini, nyepesi zile za dukani na nzito zile mafundi wetu wanazoyeyusha kutoka vyuma vya zamani. Zote hizo induksioni haizitaki. Chukua sumaku, hata ile ya ndani ya redio iliyokufa, ubandike chini ya sufuria. Ikishika kwa nguvu, sufuria ni nzuri. Ikianguka, hapana. Ikishika kwa unyonge, kama inoksi fulani, itapika kwa unyonge vilevile. Sufuria za emaye zenye maua tulizorithi kwa mama zetu zinashika, kwa sababu ndani ya rangi mna chuma, lakini ni nyembamba na chini zimeinama. Zinafaa chai na mchuzi, si bukari. Kuna pia sahani ya chuma inayouzishwa ili kuwekwa kati ya plaki na sufuria ya alumini. Msiinunue. Inapoteza ile faida yote, inapata moto kupita kiasi na inaweza kupasua kioo.

Basi bei ya plaki si bei ya plaki. Ni plaki pamoja na sufuria mbili zenye chini nzito na bapa, moja ya bukari na moja ya mboga. Likelemba ihesabu hivyo tangu mwanzo.

Na bukari? Ni swali la kwanza ambalo kila mama wa hapa anauliza, na karatasi ya maelezo ya kiwandani haina jibu, kwa sababu aliyeiandika hajawahi kusonga bukari ya watu wanane. Kwenye mbabula unakaa chini, sufuria imeshikwa na makala yenyewe, unabana kwa mguu au kwa fimbo na kusonga kwa mabega. Kwenye kioo sufuria inateleza na kuzunguka pamoja na mwiko. Chagueni sufuria yenye masikio mawili, plaki iwe juu ya meza fupi isiyotikisika, na mtoto mkubwa au dada ashike sikio moja kwa kitambaa. Shusha nguvu hadi wati 800 au 1,000 kabla ya kuongeza unga, maana moto wa induksioni unakuja katikati ya chini na unaunguza mbio. Wengine wanasukuma sufuria chini kwa magoti na uzito wote. Kioo hakikuumbwa kwa hilo. Soma kwenye karatasi uzito ambao plaki inabeba, kisha upime sufuria yako ikiwa imejaa. Kwa bukari ya kilio au ya sikukuu, tafadhali, mbabula kubwa ibaki pale nje.

Sombe ni habari nyingine. Inataka moto mdogo kwa muda mrefu, na hapa plaki za bei ndogo zinajionyesha. Ukiweka wati 300 au 400, nyingi hazitoi wati 400. Zinatoa 1,000 kwa sekunde chache, zinazima, zinarudi. Mchuzi unaruka, unalala, unaruka, na chini unaungua. Plaki nzuri inashusha nguvu kweli. Namna ya kujua dukani: weka maji kidogo, yachemke, shusha hadi namba ya chini, tazama mapovu. Yakitoka bila kukoma, nzuri. Yakija na kwenda kama mtu anayepumua, utajua unanunua nini.

Mengine niyaseme mbio. Vitufe vya kubonyeza kweli ni bora kuliko vya kugusa tu, kwa sababu mikono yetu jikoni ina maji na mafuta, na kioo cha kugusa hakielewi kidole chenye unga. Plaki inavuta hewa kutoka chini, kwa hiyo isilale juu ya kitambaa cha meza wala nailoni. Mende wanapenda ndani yake, kuna joto. Usiku iweke juu, mahali pakavu. Plaki ya macho mawili inaonekana ya kifahari, lakini macho mawili yakiwaka pamoja inaweza kuvuta wati 3,500, ampea 16, na nyumba nyingi za Dilala na Manika waya wake hauwezi. Jicho moja linatosha. Mtu mwenye kifaa cha moyo kilichowekwa na daktari amwulize daktari kwanza, na asisimame karibu nayo. Kioo kikipasuka, hata ufa mdogo, usipike tena. Mchuzi utaingia ndani kwenye umeme.

Na zile solari za taa na simu? Hazitabeba plaki. Wati 2,000 ni za mtambo wenye bateri kubwa na inveta kubwa, na ukiwa nao huhitaji makala haya.

Nimeahidi sufuria ya presha ya umeme. Kwangu ndiyo inayostahili feza ya likelemba kwa nyumba nyingi, ingawa haina kioo kinachong'aa. Ni sufuria iliyofungwa, yenye ukuta unaotunza joto, wati 1,000 hivi, ampea 4 au 5 tu. Ndani yake maji yanapita nyuzi 100 kwa sababu mvuke umefungwa, kwa hiyo ule ubaya wetu wa kukaa juu unakwisha. Maharagi yaliyolala ndani ya maji usiku yanaiva kwa chini ya saa moja badala ya masaa matatu. Ikishafika kwenye joto lake, inakula umeme kidogo tu, na umeme ukikatika hapo katikati inaendelea kuiva kwa joto lililobaki. Ile yenye kitasa cha kuzungusha, isiyo na kioo cha namba, inavumilia volti za chini kuliko induksioni, inachelewa tu. Haipiki bukari. Lakini tujiulize, makala yetu yanakwenda wapi? Bukari ni dakika 20. Ni maharagi, sombe, nyama ngumu na mifupa vinavyomaliza mfuko.

Wenzetu wa mashariki wamekwisha kuanza. Kenya, kampuni ya umeme imefanya kampeni ya kufundisha kupika kwa umeme inayoitwa Pika na Power. Uganda wameweka bei nafuu ya umeme wa kupikia. Tanzania, serikali ilikataza kuni na makala kwa shule, jela na nyumba nyingine zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku, tangu mwisho wa Januari 2024. Na kwa ndugu zetu wa Goma, mtambo wa maji wa Matebe ulifunguliwa mwaka 2015 kando ya mbuga ya Virunga, na kusudi moja lake ni kupunguza makala yanayokatwa ndani ya mbuga. Sisi tumezaa umeme mwingi kuliko Goma na tangu zamani kuliko Goma, na bado tunapepea mbabula. Hilo ni jambo la kuwauliza wakubwa wa jimbo, na vyama vya wanawake vina sauti ya kuliuliza: kabini mpya ya mtaa ingesaidia jikoni zetu kuliko plaki mia moja.

Msihesabu kana kwamba mbabula itatoka nyumbani. Delestaji ipo. Mama anayelipa mfuko mmoja kwa mwezi ahesabu kuokoa nusu, na aone kama nusu hiyo, kwa miezi kumi, inarudisha bei ya kifaa na sufuria zake. Isiporudisha, bado kuna moshi: Shirika la Afya Duniani linahesabu watu milioni 3.2 waliokufa mwaka 2020 kwa sababu ya moshi wa majumbani. Na kwa mbabula inayobaki, juu ya baridi ya mwezi wa sita na wa saba: isilale ndani ya chumba. Makala yanayowaka bila moshi yanatoa hewa isiyo na harufu inayoua watu usingizini, na dirisha lililofunguliwa kidogo halitoshi.

Kwa yale makundi mawili yaliyotuuliza: nunueni kwanza plaki moja na sufuria ya presha moja. Vizunguke, juma moja kila nyumba, pamoja na kile kipimo cha volti na daftari. Mwenye zamu aandike alichopika, saa ngapi, volti ngapi, makala kiasi gani yaliyobaki mwisho wa juma. Leteni daftari hilo kwenye mkutano, na volti za kila mtaa tutazichapa hapa, ili mama wa Kapata asinunue kwa kusikia habari za Manika.